Kufuzu Mashindano ya Taifa ya Triathloni Marekani: Mwongozo kwa Mwanamichezo wa Ridhaa

Kila mwaka, mara nyingi Agosti au Septemba, wauguzi, madereva wa malori, walimu na wahasibu hukutana katika mji mmoja wa Marekani. Huogelea mita 1,500, wakaendesha baiskeli kilomita 40, kisha wakakimbia kilomita 10, yote kwa mfululizo. Hayo ndiyo mashindano ya taifa ya makundi ya umri, na huandaliwa na USA Triathlon, chama cha taifa kilichoundwa 1982 chenye makao yake Colorado Springs. Hakuna anayelipwa mshahara kukimbia pale, ila si kila mtu anapata nafasi ya kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Lazima ufuzu.

Mwongozo huu ni kwa wewe uliyehamia Columbus, Houston, Louisville au Minneapolis, unayekimbia vizuri tangu ulikotoka, na ambaye pengine umeshamaliza triathloni moja au mbili. Wenzetu wengi wa namna hiyo hufanya mazoezi kwa nguvu zote na bado hukosa nafasi, kwa sababu waliingia shindano lisilowafaa au walitafuta dakika mahali ambapo hazipo. Kufuzu ni hesabu kwanza, jasho baadaye. Tutaanza na hesabu.

Kwanza elewa unashindana na nani

Hushindani na uwanja mzima. Unapangwa na watu wa jinsia yako walio katika kundi lako la umri, na makundi huenda kwa miaka mitano mitano: 20–24, 25–29, 30–34, mpaka wazee wa miaka 80 na zaidi. Kinachohesabiwa ni umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa shindano, si ulio nao siku unayoingia majini. Aliyezaliwa Novemba 1986 akishindana Juni 2026 ana miaka 39, lakini anapangwa na kundi la 40–44. Watu hujipima na kundi la zamani, wakaja kushtuka wakiona karatasi ya matokeo.

Njia kuu ya kufuzu ni kumaliza ndani ya asilimia fulani ya juu ya kundi lako katika shindano lililoidhinishwa na chama. Kwa miaka mingi asilimia hiyo ilikuwa 10 kwa mashindano ya kawaida, na theluthi moja kwa mashindano ya kanda. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo fungua masharti ya mwaka unaoutaka kabla ya kulipa ada yoyote. Mantiki yenyewe haibadiliki: unatafuta nafasi ndani ya kundi. Saa yako peke yake haikufuzishi.

> KISANDUKU: Thibitisha haya kabla ya kujisajili
> ☐ Shindano limeidhinishwa na USA Triathlon kwa mwaka huu (usitegemee idhini ya mwaka jana)
> ☐ Umbali wake unakubalika kwa kufuzu
> ☐ Tarehe yake imo ndani ya kipindi cha kufuzu. Mara nyingi kipindi hicho huanza mwaka uliotangulia
> ☐ Jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye usajili vinalingana na vilivyo kwenye uanachama wako
> ☐ Una uanachama wa mwaka mzima, au unajua ni lini utauhitaji
> ☐ Umesoma sharti la uraia, ikiwa lengo lako ni kuvaa sare ya Marekani

Kuhusu uraia, nafasi katika timu ya Marekani inayokwenda mashindano ya dunia ya makundi ya umri ni ya raia wa Marekani. Kama bado una viza au unasubiri karatasi, iandikie ofisi ya chama uulize unaruhusiwa kushindana katika hadhi gani, na jibu lao ulihifadhi. Suala la karatasi usilifanyie kazi kwa maneno ya rafiki.

Jina nalo lina mitego yake. Wengi wetu tuna majina matatu, na kila ofisi huyapanga itakavyo. Ukijisajili kwa jina la baba mahali pamoja na kwa jina la babu mahali pengine, matokeo yako yanaweza yasiungane na uanachama wako, na barua ya kufuzu ikakosa mwenyewe.

Chagua shindano kama mtu mwenye kalamu mkononi

Hapa ndipo ningekushauri utumie jioni nzima. Matokeo ya miaka iliyopita ya mashindano mengi yako wazi kwa umma, na yana habari nyingi kuliko ushauri wa mtu yeyote.

1. Orodhesha mashindano manne au matano yaliyo umbali unaoweza kuendesha gari, ili usibebe gharama ya ndege na ya kusafirisha baiskeli.
2. Kwa kila moja, hesabu waliomaliza katika kundi lako mwaka jana na mwaka juzi.
3. Zidisha idadi hiyo kwa asilimia ya kufuzu. Kundi la watu 30 kwa asilimia 10 linatoa nafasi 3. Shindano la kanda lenye watu 60 kwa theluthi moja linatoa nafasi 20.
4. Tazama muda wa mtu wa mwisho aliyefuzu. Huyo ndiye mshindani wako. Mshindi wa kwanza muache na mambo yake.
5. Linganisha sehemu kwa sehemu: aliogelea kwa muda gani, baiskeli muda gani, mbio muda gani, na katika eneo la mpito, pale anapobadili kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, alitumia dakika ngapi.

Usidanganyike na kundi dogo. Shindano la kijijini lenye watu 8 katika kundi lako linaonekana rahisi, lakini akitokea mmoja aliyewahi kuogelea chuoni, nafasi imekwenda. Na usiikimbie kanda kwa kuogopa majina: theluthi ya kundi lenye nguvu mara nyingi hufikika kuliko asilimia 10 ya kundi la kawaida. Uchaguzi hutegemea pia mwili wako na njia ya shindano. Mtu mwepesi anayepanda vilima vizuri atafute njia yenye vilima. Mwenye mapaja mazito na nguvu nyingi atafute tambarare.

Muda wa shindano moja usiulinganishe na wa jingine. Ziwa lina mawimbi siku moja na siku nyingine limetulia, maboya ya kuogelea huwekwa kwa makadirio, na upepo hubadilika. Nafasi ndani ya kundi ndiyo inayolinganishika.

Panga mashindano mawili ya kufuzu, si moja, na uyaachanishe kwa wiki nne hadi sita. Pancha moja haitakiwi kukumalizia msimu.

Dakika zako ziko wapi

Chukua mfano wa mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 5, anayeendesha kilomita 32 kwa saa, anayekimbia kilomita moja kwa dakika 5, na anayetumia dakika 5 katika mipito yote miwili. Jumla yake ni saa 2, dakika 41 na sekunde 15. Sasa mpunguzie kidogo kila mahali:

- Kuogelea, kutoka 2:05 hadi 1:55 kwa mita 100: anaokoa 2:30
- Baiskeli, kutoka kilomita 32 hadi 34 kwa saa: anaokoa 4:25
- Mbio, kutoka 5:00 hadi 4:45 kwa kilomita: anaokoa 2:30
- Mipito, kutoka dakika 5 hadi 3: anaokoa 2:00

Sasa yuko saa 2, dakika 29 na sekunde 50. Ameokoa dakika 11 na sekunde 25, na hakuna sehemu hata moja aliyofanya miujiza.

Tazama vizuri mstari wa mwisho. Dakika mbili za mpito ni karibu sawa na zile za mbio, na hazihitaji mapafu wala miezi ya mazoezi. Zinahitaji kurudiarudia uani kwako, Jumamosi tatu.

Baiskeli nayo inachukua karibu nusu ya muda wote. Mkimbiaji aliyetoka Eldoret au Arusha huipuuza kwa sababu anaamini miguu yake itamkomboa mwishoni. Haitamkomboa kama ameshuka kwenye kiti akiwa amekwisha. Na kabla hujanunua baiskeli ya maelfu ya dola, jua kwamba kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa kwenye tambarare, kinachokuzuia zaidi ni hewa, na mwili wako ndio unaokata sehemu kubwa ya hewa hiyo. Mlipe fundi akupime na kukurekebishia kiti na usukani ili uweze kuinama bila maumivu. Kwa maoni yangu hakuna dola katika mchezo huu zinazofanya kazi kubwa kuliko hizo.

Maji: usiyaharakishe

Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la Annals of Internal Medicine ulikusanya visa 135 vya vifo na vya moyo kusimama ghafla katika triathloni za Marekani tangu 1985 hadi 2016. Visa 90 vilitokea wakati wa kuogelea. Walioathirika wengi walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 47. Sikutajii hayo kukutisha. Nakutajia ili uende kwa daktari upimwe moyo na shinikizo la damu kabla ya msimu, hasa kama umevuka miaka 40 au kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla kwa moyo.

Wengi wetu tulijifunza kuogelea ukubwani, au bado hatujajifunza. Hilo halina aibu, ila halina njia ya mkato pia. Mabwawa ya YMCA yana masomo ya watu wazima, na vikundi vya U.S. Masters Swimming vipo miji mingi. Hupokea watu wazima wa kila kiwango, ingawa neno “Masters” linawafanya wengi wadhani ni mahali pa mabingwa tu.

Jinsi ya kujua kasi yako ya kweli:

1. Pasha mwili moto kwa mita 300 za taratibu.
2. Ogelea mita 400 kwa nguvu uwezavyo, kwa kasi isiyopandapanda. Andika muda.
3. Pumzika mpaka pumzi itulie kabisa, kisha ogelea mita 200 kwa nguvu. Andika muda.
4. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili. Ukipata 8:00 na 3:50, tofauti ni 4:10, na kasi yako ni 2:05 kwa mita 100.

Kasi hiyo ndiyo msingi wa mazoezi: mita 100 mara 10 kwa kasi hiyo hiyo, ukipumzika sekunde 15 kila baada ya moja. Rudia kipimo kila wiki sita.

Bwawa lina mstari mweusi chini, ziwa halina. Jizoeze kuinua macho kama mamba kila mikono sita hadi minane: macho tu yatoke, uone boya, kisha geuza kichwa pembeni uvute hewa. Anayeinua kichwa kizima huzamisha miguu na kupoteza mwendo. Anayeacha kutazama huogelea mita 1,600 badala ya 1,500. Usiingie ziwani peke yako hata siku moja. Nenda na kikundi, na uvute boya lenye rangi kali.

Ukipatwa na kiherehere cha pumzi siku ya shindano, geuka ulale chali, pumua mara kumi, kisha inua mkono umwite mwokoaji kama hujatulia. Kushika mtumbwi wa mwokoaji au boya kunaruhusiwa, mradi usisogee mbele kwa msaada wake. Wengi hawalijui hili, wakapigana na maji hadi mwisho.

Wiki ya kawaida ya mazoezi

Kwa mtu mwenye kazi na watoto, saa 7 hadi 9 kwa wiki kwa wiki 16 zinatosha kujaribu kufuzu, kama tayari anaweza kuogelea mita 1,000 bila kusimama.

- Jumatatu: kuogelea, ufundi wa mikono na pumzi
- Jumanne: mbio, vipande vya kasi, mfano mita 1,000 mara 5
- Jumatano: baiskeli, dakika 10 ngumu mara 3
- Alhamisi: kuogelea kwa kasi uliyoipima, jioni mbio nyepesi
- Ijumaa: pumzika kweli
- Jumamosi: baiskeli saa 2, ukishuka tu kimbia dakika 20
- Jumapili: kuogelea kwenye maji ya wazi au mbio ndefu ya taratibu

Zoezi la Jumamosi ndilo usiloliruka. Miguu iliyotoka kwenye pedali huwa mizito na hatua hukataa kurefuka, na haizoei ila kwa kurudia. Kila wiki ya nne punguza kiasi kwa theluthi. Kwa wanaofunga, Ramadhani kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi, wakati msimu bado mbali: itumie kwa ufundi wa majini na mbio nyepesi baada ya futari, kazi ngumu iache hadi baada ya Idi.

Eneo la mpito, kwa mkono

Tandaza taulo ndogo kando ya gurudumu la mbele. Helmeti iweke juu ya usukani, kichwa chini, mikanda imefunguliwa ikining'inia nje, miwani ya jua ndani yake. Viatu vya mbio viwe na kamba za mpira zisizohitaji kufungwa, na ndani yake unyunyize poda. Mkanda wa namba ulaze juu ya viatu. Basi. Kila kitu cha ziada kitakupotezea sekunde kwa kukitazama.

Kisha tembea tangu mlango wa kutokea majini hadi kwenye baiskeli yako, ukihesabu safu. Puto au mti ulio jirani unaweza kukusaidia, lakini gari la mtu usilitumie kama alama, litaondoka.

> KISANDUKU: Makosa yanayofuta kazi ya mwaka mzima
> • Kuondoa baiskeli kabla ya kufunga mkanda wa helmeti, au kuufungua kabla ya kuirudisha mahali pake
> • Kufuata nyuma ya baiskeli nyingine ili kujikinga na upepo. Ukiingia eneo la mwenzako, mpite ndani ya muda uliowekwa, na ukishapitwa, rudi nyuma
> • Kuendesha upande wa kushoto bila kumpita mtu. Marekani ni kulia, kushoto ni kwa kupita tu
> • Vipokea sauti masikioni
> • Kutupa karatasi ya chakula njiani
> • Kupokea maji au tairi kutoka kwa ndugu aliyesimama pembeni
> • Kuvaa suti ya mpira maji yakiwa ya joto

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Suti ya mpira hukuelesha, na hivyo hukupa kasi. Kanuni ya Marekani kwa wa ridhaa imekuwa kuiruhusu maji yakiwa nyuzi 78 za Fahrenheit au chini, yaani karibu 25.6 za Selsiasi. Yakizidi hapo bila kufika 84 unaweza kuivaa, lakini unajitoa kwenye tuzo. Kuanzia 84 inapigwa marufuku kwa sababu mwili huchemka. Joto hupimwa asubuhi ya shindano. Fanya mazoezi ya kuogelea bila suti, ili tangazo la saa kumi na mbili asubuhi lisikuvunje moyo.

Dada zetu wanaojistiri wasikae nyumbani kwa sababu ya mavazi. Kanuni za Marekani zinaruhusu mavazi ya kufunika mwili na kichwa kwa sababu za dini. Khadijah Diggs ameiwakilisha Marekani katika triathloni akiwa na hijabu yake. Mwandikie mkurugenzi wa shindano mapema, ueleze kitambaa gani utavaa, na uhakikishe si cha kuelesha.

Siku yenyewe

Kula saa tatu kabla: uji, mkate na asali, viazi vitamu, chochote ambacho tumbo lako limeshakizoea. Kwenye baiskeli tumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kwa vinywaji au jeli ulizojaribu mazoezini. Jeli mpya ya bure kutoka meza ya wadhamini irudishe mezani.

1. Majini, mita 200 za kwanza ziende polepole kuliko unavyotamani.
2. Kwenye baiskeli, dakika 10 za kwanza kunywa na kutulia, kisha shika mwendo uliofanyia mazoezi. Kilima kisikuvute kuzidisha.
3. Kilomita ya mwisho ya baiskeli, legeza gia na zungusha miguu haraka.
4. Mbio, kilomita mbili za kwanza kwa akili, sita zinazofuata kwa mwendo wako, mbili za mwisho kwa vyote ulivyobaki navyo.
5. Umri wa mshindani mara nyingi huandikwa kwenye shavu la mguu. Ukiona mguu wenye umri wa kundi lako mbele yako, huyo ndiye nafasi yako. Mfuate.

Ukishafuzu

Ngoja matokeo rasmi, yakague siku hiyo hiyo: jina, umri, kundi. Kosa likiwepo, mwandikie mpima muda mara moja, kwa adabu na kwa namba yako ya mshindani.

Kisha soma habari za njia ya mashindano yenyewe, maana mji hubadilika: yamefanyika Burlington, Omaha, Cleveland, Atlantic City, na mara nyingi zaidi Milwaukee. Huko Milwaukee unaogelea Ziwa Michigan na baiskeli hupanda daraja la Hoan, refu na wazi, ambapo upepo wa ziwani hukupiga ubavuni. Mwenye magurudumu yenye ukuta mpana ajizoeze kuyashika kwenye upepo kabla ya kufika.

La mwisho ni la ofisini. Barua ya kufuzu si usajili. Inakupa haki ya kulipia nafasi kabla ya tarehe iliyowekwa, na nafasi zikijaa au tarehe ikipita, haki hiyo inakwisha. Jisajili wiki hiyo hiyo uliyoipata, na chumba cha hoteli ukikodi siku hiyo hiyo.